Wataka Kumi ama Kumi na Moja?

Mimi nilienda mjini kununua laptopu. Sikuenda kufanya mtihani. Nalisema hili mapema kwa sababu hapa kibandani maneno yameshazunguka, na kila aliyeyapokea ametia chumvi yake. Wako wanaosema nilifukuzwa dukani. Sikufukuzwa, bana. Nilitoka mwenyewe, nikazunguka jengo, nikarudi.

Binti yangu ameingia chuo. Na mtoto akiingia chuo siku hizi, barua yake huja na orodha ndefu kushinda ya mahari. Katikati ya orodha, baina ya ada ya maktaba na koti jeupe la maabara, pameandikwa laptopu. Mama watoto akanitazama. Mimi nikatazama dari. Nyumba yangu haina dari, ni mabati matupu, lakini nikayatazama hivyo hivyo, kwa makini, kama mtu anayehesabu misumari.

"Baba yake, si wewe uliyesema wajua kompyuta?"

Hapo sasa. Njia ya mwongo ni fupi, wanasema. Yangu ilikuwa na urefu wa miaka ishirini na saba. Mwaka 1998 nilikuwa tarishi kwa wiki tatu katika ofisi moja ya kutoa mizigo bandarini, na ofisi ile ilikuwa na kompyuta. Kazi yangu ilikuwa kuifunika kitambaa jioni isishike vumbi. Asubuhi namfunulia karani. Basi. Lakini nyumbani nilifika nikasema nafanya kazi ya kompyuta, na maneno yale yakakaa pale ukutani miaka yote yakinisubiri. Kila televisheni ilipoharibika nikaitwa. Kila simu ilipoganda nikaitwa. Huwa naizima, naiwasha, naguna. Mara nyingine hupona.

Kwa hiyo nikapewa elfu ishirini za mama watoto, zamu yake ya chama. Nikazitia soksini, mguu wa kulia, nikatoka nyumbani nikichechemea kama mwenye jipu. Matatu kutoka Mtongwe mpaka Likoni, nikashuka, nikaingia kwenye ule msafara wa kuteremkia feri.

Nataka mwitazame hiyo feri kidogo, kwa maana inahusika. Kuna MV Jambo ya mwaka 2017. Kuna MV Kwale na MV Likoni za 2010. Kuna MV Nyayo ya 1990, ambayo mimi na yeye tumezeeka pamoja. Je, kuna siku mmesikia mtu amesimama pale mteremkoni akaniuliza, "Mzee, wataka ya zamani ama mpya?" Hakuna. Lango likifunguliwa nasukumwa, mara najikuta juu ya ile iliyokuja. Bure, silipi, siulizwi. Nikifika ng'ambo nasukumwa tena. Maisha yangu yote yamekwenda hivyo, na kusema kweli sijawahi kulalamika. Mwaka 2013 wanasiasa walipotugawa, hawa digitali wale analogi, mimi niliwekwa analogi bila kuulizwa, nikakaa huko kwa raha zangu.

Duka lenyewe silitaji. Liko mtaa mmoja nyuma ya Digo Road, dogo, lina feni moja inayogeuka kuelekea kwa mwenye duka tu. Kauntani pana kijana, ndevu zimechongwa kana kwamba kwa rula.

"Karibu ami. Nikupe nini?"

"Laptopu ya mwanafunzi," nikasema, kwa ile sauti nzito ya mtu anayenunua laptopu kila mwezi.

Akazipanga tatu mbele yangu. "Hizi ni ex-UK, ami. Safi. Hazijaguswa."

Nikajiuliza: imetoka Uingereza, imetumika, na haijaguswa. Waliitumiaje, kwa kuikemea? Lakini nikanyamaza. Nikaigonga moja juu kwa kucha, kama mtu anayechagua nazi. Ikatoa sauti nzuri. Nikatikisa kichwa kuonyesha nimeridhika na ile sauti.

"Hii hapa," akasema. "Sasa wataka kumi ama kumi na moja?"

Ndugu zangu. Moyo uliruka. Nimekuja na ishirini, naambiwa kumi ama kumi na moja! Nikajua hapa sasa tumefika kwenye lugha yangu. Mimi nimekulia Marikiti, najua bei ya kwanza ni salamu tu. Nikakunja uso kama niliyetukaniwa mama.

"Kumi na moja? Kwa hiki? Tia tisa, mwanangu."

"Tisa haipo, ami."

"Ipo. Sema hutaki."

"Wallahi haipo. Hata wenyewe hawakuitoa. Walitoka nane, wakaruka, wakatua kumi."

Nikamwona mjanja huyu. Muuzaji gani aruka tisa? "Haya, nane."

Akacheka. "Nane? Nane watu waliikimbia, ami. Ilikuwa haina kitufe cha Start."

Sikuelewa bei yakosaje kitufe. Lakini mtu akishaanza kushuka nami sisimami. "Saba je?"

Kijana akashusha sauti, kama mtu aliyetajiwa marehemu. "Saba ilikuwa tamu. Lakini saba ilikufa 2020."

"Wewe nipe ya saba. Mambo ya kufa niachie mimi." Nikainama nikaanza kuvua soksi.

Nilikuwa nimesimama mguu mmoja, soksi mkononi, noti zimelowa jasho zimeshikana kama chapati za jana, wakati dada mmoja aliyekuwa nyuma yangu kwenye foleni aliposema, taratibu, kwa huruma, na hiyo huruma ndiyo iliyoniua: "Mzee adhani ni bei."

Bei ilikuwa elfu kumi na nane na mia tano. Kumi na kumi na moja ni Windows.

Hapo ndipo nilipotoka mwenyewe. Nikazunguka jengo. Nikanunua maji ya miwa, nikayanywa nikiwa nimeshika soksi. Nikapiga hesabu: kurudi dukani ni aibu ya watu watano nisiowajua. Kurudi Mtongwe mikono mitupu ni aibu ya mtu mmoja ninayelala naye. Nikarudi dukani.

Kijana, Mungu ambariki, hakucheka tena, ingawa shavu lake lilikuwa likitetema. Akanieleza polepole, kama kuongea na mgeni. Kumi ni ya zamani kidogo, laini, watu wameizoea. Kumi na moja ni mpya, inapendeza, lakini mashine hii itabidi ilazimishwe kuipokea.

"Kuilazimisha vipi?"

"Kuna njia, ami."

Mimi mtu wa Mombasa. Nikisikia "kuna njia", mkono wenyewe huenda mfukoni kushika pesa. Nikasema kumi. Nikaisema kwa sauti ya mtu aliyelipima jambo usiku kucha. Ukweli ni kwamba niliona kumi ni ndogo kwa kumi na moja, na kitu kidogo hakiharibiki sana. Hiyo ndiyo ilikuwa hoja yangu yote.

"Chaguo lako, ami," akasema, akaandika kwenye risiti kwamba mteja amechagua mwenyewe. Nikaona ni heshima. Kumbe ni ushahidi.

Nikavuka nayo feri nimeikumbatia kifuani kama mtoto mwenye homa. Mama mmoja akaniuliza, "Ni mgonjwa?"

Nyumbani, binti yangu akaifungua, akaiwasha, akafurahi, akanishukuru kwa mikono miwili. Nikakaa vizuri kwenye kiti. Halafu akanyamaza. Watoto wa siku hizi wakinyamaza mbele ya skrini jua kuna gharama inakuja.

"Baba, mbona ulichukua kumi?"

"Ndiyo nzuri. Laini."

"Kumi inaisha tarehe 14 Oktoba."

Hiyo ilikuwa Septemba mwaka jana, 2025. Nikatazama laptopu. Mpya, kwangu mimi. Haijalala hata usiku mmoja nyumbani. "Inaisha kama maziwa?"

Akanieleza kwamba Microsoft, wenye Windows, siku hiyo wanaacha kuihudumia ile kumi waliyoitoa Julai 2015. Hawatoi tena viraka vya ulinzi. "Maana yake haina ulinzi, baba."

"Haina ulinzi? Hapa Mtongwe?" nikamwambia. "Binti yangu, hapo mbele pana kambi ya jeshi la wanamaji, meli zina mizinga. Nani atakuja kuiba Windows?"

Hakucheka. Amemfuata mama yake.

Kesho yake nikaibeba mpaka saiba, hapo steji. Fundi wa hapo ni kijana mdogo lakini ana subira, nafikiri kwa sababu huwatoza watu kwa dakika. Akaifungua, akasoma, akafyonza meno. Yangu ni kizazi cha sita, akasema. Windows kumi na moja, iliyotoka Oktoba 2021, yataka prosesa za Intel kizazi cha nane kwenda juu, na yataka chipu ya kutunzia funguo iitwayo TPM, toleo la 2.0. "Chipu unayo, ami. Kizazi huna."

Yaani kama kwenda kuposa: mahari unayo, ukoo umekataliwa.

Na mwaone huo u-nane. Gari la mtumba likizidi miaka minane tangu lisajiliwe mara ya kwanza, Kenya haliingii, litarudi na meli yake. Laptopu lazima iwe kizazi cha nane. Mimi nimekaa nje ya nane mbili. Gari sina, laptopu ni ya sita. Nikamwuliza fundi kama kuna nane nyingine mahali inayonisubiri, nijiandae.

Nikamweleza kisa cha dukani, vile nilivyoulizwa kama nataka ya zamani ama mpya. Nilidhani atashangaa. Wapi. Akasema hilo ni jambo kongwe, hata Wamarekani liliwapata, na wao ndio wenye kompyuta. Akavuta kiti. Sikujua kwamba ile hadithi nayo ilikuwa inahesabiwa dakika.

Basi kulikuwa na Windows XP, ya mwaka 2001. Watu wakaizoea kama mswaki. Januari 2007 ikaja mpya, Vista, watengenezaji wakaanza kuitia kwenye mashine zao. Vista ilikuwa nzuri machoni lakini ilikula memori kama mgeni wa harusi asiye na mwaliko. Printa iliyokuwa ikichapisha jana, leo haijuani nayo. Wateja wakapiga kelele. Kelele zikawa nyingi hata Dell, Aprili mwaka huo huo, wakatangaza: haya, kwa baadhi ya mashine za nyumbani, anayetaka XP tutamtilia XP, anayetaka Vista achukue Vista. Miezi mitatu haijatimia tangu mpya itoke, ya zamani imerudishwa mezani!

Wenye Microsoft wakasema mwisho wa kuwauzia watengenezaji XP ni tarehe 30 Juni 2008. Hata hapo haikufa vizuri. Vile vilaptopu vidogo vya bei rahisi, ambavyo Vista ingevilemea, viliachiwa XP. Na wenye matoleo ya kikazi ya Vista walikuwa na kitu kwenye mkataba kiitwacho, fundi alinitafsiria, haki ya kushuka. Umenunua mpya, una ruhusa ya kushukia ya zamani.

Haki ya kushuka! Yakhe, mimi haki hiyo hupewa na makanga kila siku, hapo kabla ya steji yangu, gari bado linatembea. Sikujua iko kwenye mkataba.

Na hadithi ikajirudia. Ilipokuja Windows nane, mwaka 2012, ile isiyo na kitufe cha Start, watu wakapotea ndani ya kompyuta zao wenyewe. Januari 2014 HP wakatoa tangazo wakiuza mashine zenye Windows saba, wakasema kabisa kwamba imerudi kwa kuombwa na wengi. Na tisa, nikauliza, ile iliyonitia aibu? Tisa kweli haikutolewa. Kijana wa dukani hakunidanganya. Walitoka nane na ndugu yake nane nukta moja, wakaenda kumi. Mimi nilikuwa namkazania mtu aniuzie kitu ambacho ulimwengu mzima hakipo.

Lakini nimelifikiria jambo hili nikiwa nimekaa hapa na kikombe changu, na kuna kitu kinanikera. Wale Wamarekani wa 2007 walijua wanachotaka. Walishaigusa Vista, ikawauma, wakasema turudishieni yetu. Hilo ndilo chaguo. Mimi naulizwa kumi ama kumi na moja sijui hata kama ni pesa ama vyumba. Anayejua haulizwi, yeye huagiza. Anayeulizwa ni mimi nisiyejua, ili nikirudi kesho nalia nionyeshwe risiti: ami, si ulichagua mwenyewe? Na wale Wamarekani walipolia, kampuni ilisikia. Mimi nikilia husikia mbuzi wa jirani, na yeye hujibu kwa sababu adhani namwita.

Fundi akanitoza shilingi themanini. Ya hadithi.

Sasa kuna jambo la kibodi. Nilikuwa sitaki kulisema, lakini mama watoto atalisema, kwa hiyo bora mlisikie kwangu. Usiku mmoja binti amelala, nikajifungia na laptopu nimwandikie shemeji yangu aliye Maskati barua pepe. Mambo ya familia, na kidogo cha pesa. Nikaandika jina lake herufi moja moja, kidole cha shahada. Nikafika kwenye ile alama ya a iliyojikunja kama konokono. Ninaiona! Imechorwa hapo, karibu na kitufe kikubwa. Nikaibonyeza. Ikatoka alama ya kufungulia usemi. Nikabonyeza tena. Mbili. Nikabonyeza kwa nguvu. Zikaja sita. Nikajaribu pale penye alama ya pauni, nione kama pesa za Malkia zafanya kazi. Ikatoka ile reli, ile kama nyavu ya samaki.

Nikahisi imenigundua. Wallahi. Nikahisi ile mashine imejua kwamba aliyekaa mbele yake si Mwingereza. Nikaifunga taratibu, nikalala nikiwa nimeipa mgongo.

Asubuhi binti akanieleza. Kibodi ni ya Uingereza, lakini aliyeiwekea Windows aliiambia ni ya Marekani. Kwa hiyo vitufe vingine vyasema hivi, mashine yasikia vile. Akabonyeza mahali, akachagua mahali, ikapona. "Ilikuwa haijui iko wapi," akasema.

Nikaihurumia. Tulikuwa wawili.

Basi Oktoba ikakaribia. Na hapa nakiri kosa ni langu. Mnakumbuka Februari 2015, tulipohamishwa kutoka analogi kwenda digitali, stesheni kubwa za televisheni zikatoweka hewani? Ulikuwa umekaa, mara chuya chuya. Mimi nilishika hiyo. Nikaambiwa inaisha tarehe 14, nikajua saa sita usiku mtu huko Marekani ashika swichi. Nikamwambia jirani mmoja tu. Jirani mmoja wa Mtongwe ni sawa na kipaza sauti.

Jumanne ile usiku wakaja. Mzee wa mlango wa pili, aliyestaafu bandarini, akaja na kiti chake akakiweka mbali, karibu na mlango, endapo italipuka. Mama wa mahamri akaja na wajukuu. Vijana wawili wa boda wakasimama dirishani. Nyumba yangu ina madirisha mawili na moja halifunguki, kwa hiyo walibanana. Nikaweka laptopu juu ya stuli, chaja nimechomeka, nikaielekeza wote waone kile kisaa kidogo pembeni chini, mkono wa kulia. Nikawanunulia kahawa na kashata, kwa shilingi mia mbili niliyopewa na mama watoto jioni kwa kazi nyingine. Nikawa naeleza. Nikawaeleza XP, nikawaeleza Vista, nikawaeleza haki ya kushuka. Kwa mara ya kwanza tangu 1998 nilikuwa mtu wa kompyuta.

Saa tano na nusu. Saa tano na dakika arobaini. Mtoto akauliza kama itapiga kelele. Nikamwambia hapana, itakwenda kimya, kama mcha Mungu.

Saa sita kasoro dakika nane, ikazimika.

Pu! Giza. Skrini nyeusi, nyumba nyeusi, mama wa mahamri akapiga yowe, mzee wa bandari akawa wa kwanza kufika nje na kiti chake, vijana wa boda wakasema "wameizima kweli, lo, mpaka taa!" Na mimi, niwaambie siri, nilisikia fahari. Nilisema itazimika, imezimika. Nikasimama pale gizani nikasema kwa sauti kubwa, "Si niliwaambia?"

Kutoka chumba cha ndani ikaja sauti ya mama watoto, tulivu kabisa. "Baba yake. Ile mia mbili ya tokeni ulinunua?"

Betri ya laptopu ile, ikiwa haijachomekwa, hudumu kama dakika nne ikiwa na afya. Siku hiyo haikuwa na afya. Watu walikuwa wakinywa umeme wangu kwenye vikombe vidogo vya kahawa, na mimi ndiye niliyewamiminia.

Ilibidi nifulize kwenye simu ndipo nikapata tokeni, taa zikarudi, laptopu ikawaka. Saa sita na robo. Kumi ile ile, haijafa, haina hata mafua. Kumbe hivyo ndivyo ilivyo: hakuna anayezima chochote. Mashine yaendelea kama kawaida. Kinachokoma ni viraka. Wezi wa mtandaoni wakigundua ufa mpya, hakuna fundi wa kuja kuuziba, wewe endelea kukaa na ufa wako. Wageni wakaondoka bila kuaga vizuri. Mmoja aliuliza kama kashata zimebaki.

Asubuhi yake nchi ikaamkia habari za kifo cha mwanasiasa Raila Odinga, na hapa kibandani pakawa kimya, redio tu. Hakuna aliyeniuliza habari ya laptopu wiki nzima. Ndizo siku pekee nilizopumzika, na hata hizo sikuzifurahia.

Baadaye nikasikia kwa fundi, dakika zikihesabiwa, kwamba Microsoft waliweka mlango wa nyuma: unaweza kuongezewa viraka mwaka mmoja zaidi kwa dola thelathini. Karibu elfu nne. Nikakopa. Nilikuwa nimebakiwa na elfu moja na mia tano ya mama watoto iliyotakiwa kurudi kwenye chama, nikaongeza ya jirani, nikaongeza ya simu. Nikampelekea binti zikiwa zimekunjwa, nikamwambia mwanangu, baba yako amekuokolea kumi yako.

Akaziangalia. "Baba, hiyo nilishaifanya kabla hata ya tarehe. Ukiingia na akaunti, ukakubali mipangilio ihifadhiwe mtandaoni, ni bure."

"Kabla ya tarehe? Kabla ya ule usiku?"

"Jumapili yake."

"Na mbona hukusema?"

"Hukuniuliza, baba. Ulikuwa wapanga viti."

Sasa ndiyo hali. Laptopu iko, chuo anaenda nayo, mimi natafuta ya kumlipa jirani. Nyongeza yenyewe inaisha tarehe 13 Oktoba 2026. Nimetazama kalenda, itakuwa Jumanne tena. Viti ninavyo sita. Mwenye kutaka kuja na aje, lakini safari hii kila mtu na kahawa yake, na mwenye uwezo aje na tokeni.